Wanafunzi viziwi wanaoingia chuo: tatizo ni kusoma, au tunalaumu kitabu bure? (Tanga)

Mkalimani wa Ngamiani · #1

Habari za jioni wakuu.

Nafanya kazi ya ukalimani wa lugha ya alama kwenye chuo kimoja hapa Tanga mjini (sitakitaja, bado nataka kula ugali wangu kwa amani). Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa wanaingia vijana viziwi wachache, na kila mwaka wahadhiri wananiambia maneno yaleyale: hawa vijana hawajui kusoma. Dawa yao nayo ni ileile: tuwape notsi wakasome. Sasa mtu ambaye umeshasema hajui kusoma, notsi unampa za nini?

Nimeanzisha uzi kwa sababu jambo hili likizungumzwa huwa linaishia kwenye huruma, "maskini watoto wa watu", kisha basi. Naomba leo tuache huruma pembeni.

Tatizo lipo, sitaki kulificha. Na si la Tanzania peke yake. Uingereza mwaka 1979 mtafiti R. Conrad alitoa matokeo ya kuwapima viziwi waliokuwa wanamaliza shule, umri wa miaka 15 hadi 16 na nusu. Kiwango chao cha kati cha kusoma kilikuwa cha mtoto wa miaka 9. Marekani mwaka 2000, Carol Traxler wa Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi, alionyesha kwamba vijana viziwi wa miaka 17 na 18 walikuwa, kwa kiwango cha kati, wanaelewa maandishi kama mtoto wa darasa la nne hivi. Na hao ni watu wenye shule ya viziwi tangu 1817 na chuo kikuu cha viziwi tangu 1864. Sisi shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, Buguruni ikafuata 1974. Kwa hiyo anayesema "ni umaskini wetu tu" hajaliangalia vizuri.

Niwape mfano wa karibu. Ubaoni palibandikwa tangazo: *"Mwanafunzi ambaye hatakuwa amewasilisha fomu ya afya kabla ya tarehe 15 hatapangiwa chumba isipokuwa awe na kibali cha mlezi wa wanafunzi."* Nikamwomba binti mmoja wa mwaka wa kwanza anisomee kwa alama. Mikono yake ikasema: mwanafunzi, fomu, afya, tarehe 15, chumba, mlezi. Nikamuuliza, kwa hiyo utafanya nini? Akajibu bila wasiwasi: tarehe 15 napeleka fomu kwa mlezi, ananipa chumba.

Ameokota maneno mazito akayaunga kwa akili yake, na hadithi aliyoipata inaeleweka kabisa. Ila ni kinyume cha tangazo. Kilichodondoka njiani ni vitu vidogo: *kabla*, *isipokuwa*, na ule ukanushi uliojificha kwenye kichwa cha kitenzi. *Hatapangiwa* ina ukanushi, ina wakati ujao, ina kutendewa, vyote vimebanwa kwenye neno moja. Mimi na wewe tuliviingiza kichwani kwa masikio kabla hatujajua hata penseli ni nini. Yeye anakutana navyo kwenye karatasi. Mbinu hii ya kuokota maneno makubwa na kuruka viunganishi si ya binti huyu tu, watafiti wameieleza pia kwa viziwi wa Hispania.

Watu wengi wanadhani shida ni sauti: hasikii herufi, basi hawezi kusoma. Mwaka 2011 Rachel Mayberry na wenzake walikusanya tafiti nyingi wakazipima kwa pamoja. Uwezo wa kutambua sauti za maneno ulieleza asilimia 11 tu ya tofauti za kusoma kati ya viziwi. Uwezo wa lugha kwa jumla, iwe ya alama au ya kusemwa, ulieleza asilimia 35. Yaani mtoto mwenye lugha iliyokamilika kichwani, hata kama ni ya mikono, ana pa kuyaegesha maandishi. Asiye na lugha yoyote hana.

Kubwa zaidi ni hili. Mwaka 2009 Marc Marschark na wenzake, kutoka taasisi ya viziwi iliyo ndani ya chuo cha Rochester, Marekani, waliwapima wanafunzi viziwi wa chuo: masomo mengine waliyapata kwa maandishi, mengine kwa lugha ya alama. Mtu yeyote wa kazi yangu angebashiri alama ingeshinda. Haikushinda. Walichopata kwenye maandishi kilikuwa sawa na walichopata kwenye alama, na pengine zaidi. Na kwa njia zote mbili walibaki nyuma ya wenzao wanaosikia.

Maana yake, kitabu si mkosaji peke yake. Ukimwondolea kitabu ukamletea mkalimani kama mimi, pengo linabaki palepale, ila sasa halionekani kwa sababu mikono inapunga na kichwa kinaitikia. Pengo liko kwenye msamiati, kwenye mambo ambayo mwenzake ameyasikia maisha yake yote, na kwenye kujua kama ameelewa au anadhani ameelewa. Hilo mkalimani halizibi, na fotokopi hazilizibi.

Karibuni. Wazazi, walimu, na zaidi viziwi wenyewe.

---

Pwani Halisi · #2

Naweka kambi hapa. Chai ya tangawizi ipo.

---

Bwana Mkonge · #3

Mkuu umeandika vizuri lakini ngoja niulize swali la mtaani. Kama tangazo la mistari miwili linampiga chenga, kidato cha sita kapitaje? Isije ikawa tunawapitisha kwa huruma hiyohiyo uliyosema tuiweke pembeni, halafu tunawatupia wahadhiri mzigo. Mimi naona ni heri aende VETA ajifunze ufundi kuliko kumsumbua na tasnifu.

---

Mkalimani wa Ngamiani · #4

Mkonge swali lako halali, nakujibu kwa uwazi.

Wanapita kama walivyopita wengi wetu: kukariri. Maswali ya mitihani iliyopita, majibu ya mitihani iliyopita, mchana na usiku. Kijana kiziwi anaweza kuandika ukurasa mzima wa Kiingereza kuhusu Azimio la Arusha, wala hajanakili kwa mtu, umo kichwani herufi kwa herufi. Mbadilishie swali kidogo, badala ya "eleza sababu" uandike "kwa kiasi gani", anakupa ukurasa uleule. Wanaosikia nao wanafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba wao wakitoka chumba cha mtihani wana sehemu nyingine za kuokotea maarifa.

Na usisahau kwamba huyu mtoto amebadilishiwa lugha mara mbili. Msingi ni Kiswahili cha kuandika. Sekondari ghafla kila kitu Kiingereza. Katikati kuna Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo wengi wanaipata shuleni kwa wenzao bwenini na si kwa mama. Mtu anaingia chuo na lugha tatu, na hakuna hata moja aliyoipata mapema na kwa ukamilifu.

Kuhusu VETA: hivi unadhani fundi umeme hasomi? Kile kibandiko cha transfoma kinasomwa na nani?

---

Mwalimu wa Korogwe · #5

Nimestaafu, nimefundisha kitengo cha viziwi shule ya msingi miaka mingi. Niongezee hapo kwenye mizizi maana huko chuoni mnakutana na matawi.

Mtoto analetwa ana miaka tisa, kumi. Alikuwa nyumbani wakingoja labda atasikia, au amezungushwa kwa waganga, au wanaona haya. Nyumbani wana alama zao za kula, kulala, kwenda, fimbo. Anafika kwangu hajui hata kwamba ana jina. Siku anagundua kwamba ile alama inayofanywa kila mara ni yeye, utaona macho yake.

Sasa huyo nakabidhiwa nimfundishe *ba be bi bo bu*. Hiyo njia ya silabi ndiyo fahari ya Kiswahili, mtoto anayesikia anaishika kwa miezi michache na anasoma gazeti lolote, kwa sababu anachotamka tayari anakijua kwa masikio. *Ba* na *ba* inakuwa *baba*, na baba yupo nyumbani. Kwa mtoto kiziwi *ba* ni mchoro. *Be* mchoro mwingine. Ukiunganisha michoro miwili unapata mchoro mrefu zaidi.

Lakini mwandiko! Wallahi utaona haya mwandiko wako. Ananakili ubao mzima bila kuacha nukta. Mkaguzi akija anafungua daftari anatikisa kichwa kwa furaha, anaandika "vizuri sana". Akiondoka mimi nafunika ubao, namwonyesha sentensi aliyoinakili yeye mwenyewe, "Ng'ombe wa Juma amekula majani ya jirani." Namuuliza kwa alama: nani amekula? Ananijibu: Juma.

Huyo Juma aliyekula majani ndiye anayekuja kusoma tangazo la chumba huko chuoni kwenu. Ni mtoto mmoja, kakua tu.

---

Bwana Mkonge · #6

Mwalimu hapo kwenye Juma umenimaliza 😂 lakini inauma.

---

Kiziwi wa Raskazone · #7

Mwalimu shikamoo. Mkalimani, salaam.

Mimi ni kiziwi. Nilipata homa ya uti wa mgongo nikiwa na miaka minane, nikaamka hospitalini dunia imenyamaza. Nimemaliza chuo, nafanya kazi. Nina mambo mawili matatu, mengine hamtayapenda.

La kwanza, msitutie kapu moja. Mimi nilikuwa nimeshajua Kiswahili na kusoma kabla ya kuugua. Kusoma hakujawahi kunisumbua, kilichonisumbua ni kujifunza alama ukubwani huku wenzangu wakinicheka. Aliyezaliwa kiziwi kwenye nyumba ya wanaosikia ni mtu mwingine kabisa. Na kuna wa tatu: rafiki yangu mmoja wazazi wake wote wawili ni viziwi. Amezaliwa haisikii hata radi, na anasoma kuliko mimi niliyesikia miaka minane! Kwa nini? Kwa sababu tangu mchanga kwao watu walikuwa wanaongea naye, walikuwa wanabishana, wanasimuliana, wanasengenya majirani, yote kwa mikono. Viziwi wenye wazazi viziwi ni wachache mno, huko Marekani hawafiki hata mmoja kwa kumi. Lakini hao wachache wanatosha kuonyesha kwamba ugonjwa hauko sikioni.

La pili ni huo utafiti wa 2009. Mkalimani, naona umeupenda kwa sababu unakuvua lawama 😀. Mimi nimekaa mbele ya wakalimani miaka mitatu. Mhadhiri wa uchumi anazungumza dakika tano juu ya mfumuko wa bei, mkalimani ananipa alama nne: bei, panda, panda, shida. Hapo hata Einstein angekuwa nyuma. Kabla hujasema alama na maandishi vinalingana, niambie alama za nani.

La tatu, mnatupima kwa Kiingereza halafu mnasema hatujui kusoma. Nipime kwa Kiswahili uone. Vijana viziwi wa Tanga wanachati usiku kucha, wanatongozana, wanauza simu, wanadanganyana, yote kwa maandishi. Sarufi imepinda, sawa. *"Mimi kesho Kange basi wewe kungoja."* Umeelewa au hukuelewa?

---

Mkalimani wa Ngamiani · #8

Kaka nimecheka hapo kwenye kuvuliwa lawama. Hoja ya ubora wa ukalimani naipokea mia kwa mia. Mtu anapata mafunzo mafupi ya alama anapewa darasa la sheria au la uuguzi. Istilahi hana, anatahajia kwa vidole mpaka mkono unakufa ganzi, na kutahajia hakumsaidii mwanafunzi kama neno lenyewe hajawahi kukutana nalo.

Ila pale Rochester hali si hiyo. Wana wakalimani wenye shahada, na pengo lilionekana hata hivyo. Kwa hiyo ukalimani mbovu unaongeza tatizo, haukulianzisha. Tena watu wa chuo hichohicho walipima msamiati baadaye wakakuta jambo ambalo mimi naliona kila siku: wanafunzi viziwi walijua maneno machache kuliko wenzao wanaosikia, na walidhani wanajua mengi kuliko wanayojua. Hapo ndipo penye hatari. Anayejua kwamba hajaelewa atauliza.

Kwenye Kange nimeelewa, na nitakuwa pale stendi kukungoja 😀. Lakini mpe mtu huyohuyo mkataba wa kupanga nyumba uone.

---

Kiziwi wa Raskazone · #9

Mkataba wa nyumba hata nyie mnaosikia hamuusomi, mnatia sahihi tu.

---

Mama Wawili Muheza · #10

Samahanini wakubwa, mimi si msomi ila nimesoma uzi wote kwa sababu unanihusu. Mwanangu wa pili ana miaka minne. Aliugua uti wa mgongo akiwa na mwaka na nusu, tangu hapo hageuki ukimwita. Mama mkwe anasema tusimwonyeshe ishara za mikono, atazoea atakuwa mvivu wa kusema. Jirani anasema ningoje afike miaka saba nimpeleke shule. Nifanye nini?

---

Mwalimu wa Korogwe · #11

Mwanangu usingoje hata wiki. Mama mkwe mpe heshima yake lakini katika hili msimfuate. Nimewaona watoto walioanza alama mapema, alama haijawazuia kusema wale wenye mabaki ya usikivu. Iliyowazuia ni kukosa lugha yoyote.

Hiyo hofu ya mama mkwe hakuianzisha yeye. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakapitisha kwamba alama zisitumike mashuleni, watoto wafundishwe kusema tu. Karibu wote waliopiga kura walikuwa wanasikia. Imechukua hadi mwaka 2010, kwenye mkutano kama huo huko Vancouver, kutoa tamko la kujutia. Miaka 130! Katikati hapo ndipo walipofundishwa waliowafundisha walimu wetu.

---

Mkalimani wa Ngamiani · #12

Dada wa Muheza pole, na hongera kwa kuuliza. Naongezea kwa mwalimu.

Mpeleke akapimwe usikivu, anza na kliniki ya masikio, pua na koo hospitali ya mkoa. Kwa waliougua uti wa mgongo madaktari huwa na haraka kwa sababu ndani ya sikio panaweza kuanza kuota mfupa, na hilo linaathiri tiba ya kupandikiza kifaa cha kusikia. Muhimbili walianza upandikizaji huo mwaka 2017. Kama mwanao anafaa au hafai ataamua daktari, mimi si daktari. Lakini hata akipata kifaa, anza alama leo. Tafuta watu wa CHAVITA, chama cha viziwi, waulize viziwi watu wazima walioko karibu nawe. Mtoto anahitaji kumwona mtu mzima kiziwi anayefanya kazi, anayeoa, anayechekesha watu.

Kuhusu kusoma, wazazi viziwi wana mbinu ambayo wewe unaweza kuiiga. Wanafungua kitabu cha picha, wanaonyesha neno kwa kidole, wanalitahajia kwa vidole, wanatoa alama yake, kisha wanarudi kwenye neno lililoandikwa. Wakati mwingine alama wanaifanya juu ya ukurasa wenyewe, au kwenye mwili wa mtoto, ili jicho lisihame. Huna haja ya kitabu cha gharama. Pakiti ya majani ya chai ina maneno, mfuko wa unga una maneno. Anza na hivyo, kila siku, wakati unapika.

---

Mama Wawili Muheza · #13

Ahsanteni sana. Nimemwonyesha baba yake hapa, amesoma mara mbili. Nakuja PM mkalimani.

---

Pangaboi · #14

Nimekuwa msomaji tu humu muda mrefu, leo nimejisajili kwa ajili ya uzi huu. Mimi si kiziwi, nina usikivu hafifu. Na niwaambie, sisi tumesahaulika kuliko viziwi.

Kiziwi akiingia darasani anaonekana, ana mkalimani. Mimi naonekana mzima. Nikivaa kifaa sikioni watu wanadhani nasikiliza muziki. Jina nililojipa hapa ndilo adui yangu: pangaboi la darasani. Kifaa kinakuza kila kitu, sauti ya mhadhiri na ya pangaboi pamoja, na vyumba vyenyewe vya kuta tupu sauti inarudi mara mbili. Irabu nazipata. Konsonanti nyepesi kama s, f, sh ndizo zinazopotea kwanza. *Fika* na *shika*, kwangu ni neno moja. Mhadhiri akigeukia ubao huku anaongea, ndiyo basi, midomo imeondoka.

Kusoma najua. Lakini kuna alichokigusa mkalimani pale juu nikasema huyu ananijua: kuokota. Maneno mengi ya Kiswahili hakuna aliyekufundisha. Umeyaokota barazani, kwenye kahawa, wazee wakibishana siasa, redio ikiongea jikoni. Mimi nimekaa kwenye baraza hizohizo Chumbageni na sikuokota, kwa sababu kusikia mazungumzo ya watu watano kwa mpigo siwezi. Nilifika chuo sijui *dhamana* ni nini, sijui *mrejesho*, sijui *mustakabali*. Wenzangu nao hawakufundishwa, ila walikuwa nayo. Nilikula sapu mbili (mitihani ya marudio) mwaka wa kwanza. Nilichokosa hakikuwa masomo, kilikuwa kile ambacho watu wanadhani kila mtu anacho.

---

Pwani Halisi · #15

Chai imeisha, naongeza maji. Uzi wa mwaka huu.

---

Mhadhiri Uhasibu · #16

Ndugu zangu, mimi ni mmoja wa hao wahadhiri mnaowasema. Muhula ujao nina mwanafunzi kiziwi mmoja kwenye darasa la uhasibu la watu themanini. Nimesoma yote, nimeelewa kwamba notsi hazitoshi na mkalimani hatoshi. Sasa niambieni nifanye nini Jumatatu asubuhi, falsafa nimeshiba.

---

Mkalimani wa Ngamiani · #17

Mwalimu, karibu sana, laiti wangekuwa wengi kama wewe.

Notsi mpe, lakini mpe siku mbili tatu kabla ya kipindi, si baada. Na mpe mkalimani wake nakala hiyohiyo. Akiwa ameshakutana na maneno kwenye karatasi, alama zinakuwa na mahali pa kutua. Mimi nikiletewa mada mlangoni dakika moja kabla ya kipindi, nitatoa zile alama nne za kaka wa Raskazone.

Acha kabisa kuuliza "umeelewa?" Atatikisa kichwa. Ametikisa kichwa tangu darasa la kwanza, ndiyo iliyomfikisha hapo. Mwambie akueleze: kwa nini umeiweka hii upande wa mkopo? Akikwama utaona hasa alipokwamia. Na mfundishe naye ajiulize hivyo akiwa peke yake, afunike ukurasa aandike sentensi mbili za alichosoma kisha afunue alinganishe. Kwa wanafunzi wangu hili limezaa kuliko kamusi.

Maneno ya somo lako yenye maana nyingine mtaani yashughulikie mapema. Kwake *mizania*, *mali*, *deni*, *mtaji* vinaweza kuwa vitu ambavyo amevikuta kwa maana moja tu, au hajavikuta. Ukitumia Kiingereza darasani ndiyo balaa zaidi, maana maneno ya kawaida kabisa ya Kiingereza yanageuka istilahi yakifika kwako.

Sasa kuna mtego ambao watu wenye moyo mzuri wanauingia. Wanasema basi tumrahisishie, tukate sentensi ziwe fupifupi. Kufupisha ni sawa kwenye tangazo la chumba. Kwenye somo, ukikata *kwa sababu*, *ingawa* na *kwa hiyo*, umempa matofali bila saruji. Anabaki na sentensi kumi fupi ambazo hajui zinahusianaje, na kazi ya kuziunga ndiyo ngumu kuliko kusoma sentensi ndefu. Ziache hizo *kwa sababu*, zipigie mstari, zieleze.

Na Pangaboi amekupa somo bure: usiongee ukitazama ubao. Mwanafunzi kiziwi hawezi kumtazama mkalimani, ubao na daftari kwa wakati mmoja. Ukisema "tazameni hapa", nyamaza kidogo watazame, ndipo uongee.

---

Bwana Mkonge · #18

Mimi bado nina neno. Mambo haya yote mazuri lakini mhadhiri ana watu themanini. Huyu mmoja atampa saa ngapi? Na huko mbele mwajiri hatamfunikia ukurasa.

---

Kiziwi wa Raskazone · #19

Mkonge kaka, mwajiri wangu hajawahi kunifunikia ukurasa. Ananitumia barua pepe, najibu. Kuna wenzangu ofisini wanaosikia vizuri kabisa ambao barua zao nazirekebisha mimi.

Usidhani kiziwi akishajua kusoma anasoma kwa shida. Watafiti waliofuatilia macho ya wasomaji walikuta viziwi waliobobea katika kusoma wanaona herufi nyingi zaidi kwa mtazamo mmoja kuliko wasomaji wazuri wanaosikia. Macho yetu yamezoea kazi. Tunachoomba ni mlango, tukishaingia tutatembea wenyewe.

Na hao themanini waulize kama hawataki notsi siku mbili kabla.

---

Mwalimu wa Korogwe · #20

Hapo kwa themanini kasema kweli. Nilipokuwa natumia picha na kufunika ubao kwa ajili ya viziwi, waliofaulu zaidi walikuwa watoto wanaosikia wa darasa la jirani niliokuwa nawashikia zamu.

Pia wenye watoto wanaotaka kusomea kazi hii, hapa mkoani kwetu Lushoto KKKT, kanisa la Kilutheri, lilianzisha chuo kikuu cha Sebastian Kolowa mwaka 2007, elimu maalumu ndiyo iliyokipa jina; ulizeni kwanza kama bado kinapokea wanafunzi. Tunahitaji walimu wengi, sisi wazee tumeshachoka.

---

Mhadhiri Uhasibu · #21

Mkonge, hofu yako ni yangu pia, ila nimepiga hesabu: notsi naziandaa hata hivyo, kuzituma Ijumaa badala ya Jumatatu hakunigharimu kitu. Swali la mwisho. Mtihani je? Nikimtungia wake watasema nimempendelea.

---

Mkalimani wa Ngamiani · #22

Usimtungie wake. Tunga mmoja wa wote, kisha usome kila swali ujiulize: hapa napima uhasibu au napima Kiingereza? Swali la "bila kuathiri yaliyotajwa hapo juu, isipokuwa pale ambapo" linapima uvumilivu. Liandike upya kwa wote themanini. Muda wa ziada usiutoe kienyeji, andika barua mapema kwa ofisi ya mitihani, iwe kwenye kumbukumbu, asije akasumbuliwa mlangoni. Na omba mkalimani awepo wakati wa kusoma maelekezo, hata kama hatatafsiri maswali.

---

Mhadhiri Uhasibu · #23

Nimekupata. Nakutumia PM muhtasari wa wiki tatu za mwanzo, unipigie mstari maneno ambayo hayana alama ili tukubaliane mapema na mwanafunzi mwenyewe.

---

Mkalimani wa Ngamiani · #24

Tuma leo. Namtafuta huyo mwanafunzi wako tukae naye Jumamosi, alama za uhasibu tutazipanga watatu, na kaka wa Raskazone kama ana nafasi awe wa nne.

---

Kiziwi wa Raskazone · #25

Nafasi ipo. Ila nauli ya bodaboda na chai ni juu ya mhadhiri.